Mashine ya Kupima Shikamoo

Mama yangu alipohamia kwetu Gitting, baada ya matope ya mlima kuichukua nyumba yake kule Jorodom, alikuja na vitu vitatu tu: kigoda, blanketi, na mbuzi jike mwenye maringo kuliko bibi harusi. Mke wangu akampa chumba cha upande wa jiko. Hiyo kwetu si heshima ndogo. Gitting ina baridi, na nikisema baridi sitanii: mwezi wa sita ukimwaga chai asubuhi inafika chini imeshakuwa jiwe, kuku wanaigonga kwa mdomo wakidhani ni mahindi.

Tukaishi vizuri mwaka mzima. Halafu ikaanza habari ya shikamoo.

Huku kwetu mtu mzima hapitwi hivihivi. Hata kama unakimbizwa na nyuki, unasimama, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, ndipo unaendelea kukimbia. Nyuki nao wanajua, wanasubiri. Na mkubwa naye ana kazi yake. Shikamoo yako lazima aipokee. Mkubwa akikaa kimya amekutukana tusi ambalo halina maneno, na tusi la hivyo huwezi hata kulijibu.

Sasa kila asubuhi mke wangu anaingia jikoni na ndoo ya maji. "Shikamoo mama." Mama anaangalia moto. Kimya. "Mama, shikamoo." Mama anasogeza kuni. Mimi naingia nyuma yake, hata macho sijafungua vizuri, nasema shikamoo, na mama anadaka palepale: "Marahaba mwanangu, umeamkaje?"

Mke wangu alikuwa ananiangalia mimi, anamwangalia mama, anatua ndoo chini pole pole sana. Mwanamke akitua ndoo pole pole namna ile, ujue ni afadhali angeitupa.

Nikamwuliza mama nikiwa naye peke yake. "Mama, kwa nini humpokei mkwe wako?"

"Simpokei nini? Yeye ndiye hanisalimii."

Nikaenda kwa mke wangu. "Mama anasema humsalimii."

Sitaandika aliyoyasema mke wangu. Nitasema tu kwamba mbwa wetu alihamia kwa jirani siku mbili.

Ikaendelea miezi. Mpaka siku wanawake wa jumuiya walipokuja kusali nyumbani kwetu, mke wangu akaingia na chai, akainama vizuri mbele za watu wote, "Shikamoo mama," na mama kimya, anaangalia dirisha. Wanawake wakatazamana. Mmoja akakohoa. Jioni ile mke wangu alinifuata kwenye zizi.

"Baba watoto, nimeolewa hapa miaka kumi na tisa. Sijamkosea mama yako hata kwa kijiko. Nimeita wazee. Jumapili baada ya ibada wanakuja. Mama aseme mbele yao nimemkosea nini. Asiposema, mimi narudi kwetu Mbulu, na hao mbuzi utawakamua mwenyewe."

"Ngoja kwanza..."

"Nimengoja tangu masika."

Ilikuwa Jumatatu. Na mimi namfahamu mke wangu. Siku moja alisema hatakula tena viazi mpaka nizibe paa, na nilipoziba paa alikuwa amebaki nusu yake.

Kazi yangu mimi ni fundi redio, nina kibanda pale Mogitu, pembeni ya barabara. Shule niliiacha darasa la tatu, au shule iliniacha mimi, hatujawahi kukaa tukakubaliana. Lakini redio naijua. Redio ikikohoa tu nakuambia inaumwa wapi. Jumanne alikuja mwalimu mmoja wa fizikia wa sekondari, rafiki yangu wa siku nyingi, ameleta spika yake haina raha. Nikawa naifungua huku namweleza shida yangu.

"Labda mama hasikii vizuri," akasema.

"Hasikii! Mimi ananisikia. Mchungaji anamsikia. Ng'ombe wa jirani akilia anajua ni yupi. Ni mke wangu tu ndiye hamsikii. Ndiyo maana watu wote wanasema ni dharau."

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye ile spika yake mwenyewe. "Fundi, hii ina shida gani?"

"Hii? Twita imekufa. Besi inapiga vizuri, ila sauti nyembamba zote..."

Bisibisi ikanidondoka mguuni. Mpaka leo kovu lipo, refu kama barabara ya kwenda Singida.

"Mwalimu! Mama yangu amekufa twita!"

"Taratibu. Inawezekana tu. Sauti yako ni nene, ya mchungaji ni nene. Mkeo je?"

Mke wangu ana sauti nyembamba kama sindano ya kushonea kanzu. Kwaya nzima inategemea sauti ile. Nikafunga kibanda saa hiyohiyo nikitaka kukimbia nyumbani kutangaza, lakini mwalimu akanishika shati.

"Ukifika utasema nini? Kwamba mama yako anasikia wanaume tu? Mkeo atakuamini?"

Nikakaa chini. Kweli, hata mimi nisingejiamini.

Mwalimu alikuwa na programu kwenye simu inayotoa milio, unachagua mnene au mwembamba. Akasema tungeweza kumpigia mama milio tuone ipi anaisikia. Ila kuna tatizo. Simu na spika hazitoi milio yote kwa nguvu sawa. Mwingine unatoka kama radi, mwingine kama panya. Mama akikosa mmoja, utajuaje kama ni sikio lake au ni spika imezembea? Lazima upime sauti iliyofika pale sikioni, uigeuze iwe namba, halafu mlio mnene na mlio mwembamba uwape namba moja. Hapo ndipo unaweza kusema neno mbele ya wazee.

"Mashine hiyo iko wapi?"

"Hospitali kubwa, mjini."

"Tutaipata kabla ya Jumapili?"

"Hapana."

"Basi nitaitengeneza."

Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki. Akatoa karatasi ya mtihani wa mtoto mmoja aliyepata sifuri, akageuza nyuma, akaanza kuchora na kueleza kwa hesabu zenye mikia. Nikamwambia, mwalimu, nieleze kama unamweleza mtu anayeuza maharage.

Akafikiri. "Sawa. Una debe la maharage, hujui uzito wake. Una mizani ya kuning'iniza, na mawe manane. La kwanza kubwa, la pili nusu yake, la tatu nusu ya la pili, hivyo hivyo mpaka la nane, dogo kama punje. Unaweka jiwe kubwa. Limezidi maharage?"

"Natoa."

"Halijazidi?"

"Naliacha, naongeza la pili."

"Ukifika jiwe la nane unahesabu yaliyobaki kwenye mizani. Hiyo ndiyo namba yako. Sasa badala ya maharage weka umeme uliotoka kwenye maiki."

Nakuambia, nimeishi na redio miaka thelathini na siku ile ndiyo nilijua sauti inaweza kupimwa kama maharage. Nilisikia raha mpaka nikasahau kwamba mke wangu anafunga mizigo.

Tukaanza. Maiki nilitoa kwenye simu ya mtu aliyeitelekeza kibandani tangu enzi za mababu. Nikaipa amplifaya ndogo ya kuikuza. Mbele nikaweka daiodi na kapasita, ambayo ni kama ndoo: sauti inamwagika ndani, inakaa kidogo kabla ya kuvuja, wewe unapima ile iliyomo kwenye ndoo. Mawe ya mizani ndiyo yaliyonitoa jasho. Yanatengenezwa kwa rizista zilizopangwa kama ngazi, na mwalimu alisema lazima zilingane kabisa, ishirini na tano. Ukikosea moja, jiwe la nusu linakuwa la nusu na robo, na namba zote zinadanganya. Nikamwaga rizista zangu zote chini. Zilikuwa kama milioni mbili. Nilizipima moja moja kwa mita mchana kutwa, nikipata moja iliyolingana naishika kwenye meno, mpaka wateja wakaja kusalimia nikawa najibu kwa pua.

Swichi nane nilizitoa kwenye redio nane zilizokufa, zile swichi za kubadilisha bendi, kwa sababu zinakwenda pande mbili: kuweka jiwe, kutoa jiwe. Halafu kipande kimoja cha kulinganisha, chenye miguu minane, nilikitoa kwenye stebulaiza mbovu, na taa moja nyekundu. Taa ikiwaka, mawe yamezidi sauti. Isipowaka, sauti bado nzito. Vyote nikavipigilia juu ya ubao wa kukatia mboga, wa mke wangu, ambao sikuomba. Umeme ulitoka betri ya pikipiki.

Kompyuta ya mashine hiyo nilikuwa mimi. Kidole kinasukuma swichi ya kwanza, jicho kwenye taa, imewaka, rudisha. Ya pili, haijawaka, acha. Mpaka ya nane, halafu najumlisha: mia na ishirini na nane, sitini na nne, thelathini na mbili, kushuka mpaka moja. Ndoo inavuja, kwa hiyo lazima uwe na mwendo. Kufikia Jumatano jioni vidole vyangu vilikuwa vinaruka mpaka havionekani. Tukapima kila kitu. Kikohozi cha mwalimu, themanini na saba. Kengele ya baiskeli, mia na arobaini. Yule mbuzi wa mama, mia mbili na kumi na moja, na alijua, maana alirudia.

Kimya tu ndicho kilitusumbua. Kimya cha Gitting kilitoa hamsini. Tukatafuta kosa nusu siku, kumbe ni upepo unaingia kwenye maiki. Nikaivalisha maiki soksi ya mwanangu, ikatulia, sifuri.

Alhamisi tukampima mama.

Na hapa ndipo tulipofanya ujinga wetu, na naomba usitucheke, maana hata wewe ungekuwa na adabu ungefanya vilevile. Tulimkalisha mama uani kwenye kigoda, kimetandikwa kitenge. Sisi tukakaa mbele yake, chini kidogo. Utamkalishaje mama yako akupe mgongo? Maiki yenye soksi nikaining'iniza karibu na sikio lake. Mwalimu akashika simu na spika. Mke wangu alisimama mlangoni amekunja mikono.

Tulimwambia mama tunajaribu spika ya kanisa, aseme tu akisikia mlio. Na kabla ya kila mlio mimi nainama kidogo, "Samahani mama, tunaanza." Utaanza kumpigia mtu mzima kelele sikioni bila kumwomba radhi?

Mlio mnene. Napima, mia moja. "Nasikia," mama akasema.

Mwembamba kidogo. Mia moja. Nainama. "Nasikia."

Mwembamba zaidi. "Nasikia."

Mke wangu pale mlangoni akaguna. Guno lile nisingehitaji mashine kulipima.

Wakati huo akaingia mzee jirani, wa rika la mama. Tukasimama wote, shikamoo, marahaba, habari za ng'ombe, habari za mahindi, habari za mvua, habari za ng'ombe tena. Akaondoka. Tukakaa. Nikainama, "Samahani mama, tunaanza." Mwalimu akabonyeza ule mlio mwembamba kuliko yote.

Nikasukuma jiwe la kwanza. Taa ikawaka. La pili, ikawaka. La tatu. La nne. Mawe yote yanazidi. Hata jiwe la nane, lile kama punje, limezidi. Sifuri. Nikaangalia chini: tuliposimama kumsalimia mzee, mguu wangu ulikuwa umechomoa waya wa spika. Spika haikutoa hata pumzi.

"Nasikia," mama akasema. "Tena huu ndio mzuri kuliko yote."

Mwalimu akaniangalia. Mimi nikaangalia swichi. Mama alikuwa ananitazama usoni, ametabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesubiri aambiwe amepata. Hakuwa anasikia milio. Alikuwa anasoma kuinama kwangu.

Ningeweza kusema palepale. Nikasema, "Asante mama, spika ni nzima." Tukakusanya vitu vyetu.

Mke wangu nilimweleza jioni akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Yaani umekaa siku tatu, umeharibu ubao wangu, umetengeneza mashine ya kumtetea mama yako."

"Waya ulichomoka, mama watoto. Hakukuwa na sauti. Naye akasema nasikia."

"Basi ni mwongo pia. Uwaambie wazee na hilo."

Nikaona nimeongeza kuni.

Ijumaa asubuhi nilimfuata mama nyuma ya zizi, alikuwa anamkamua yule mbuzi. Nikachuchumaa karibu yake. Nikamwambia yote, kwa sauti yangu hii ya ngoma. Kwamba spika haikuwa ya kanisa. Kwamba mlio wa mwisho haukuwepo.

Aliendelea kukamua. Maziwa yakajaa kikombe, yakamwagika, akaendelea tu.

"Mwanzo nilidhani kweli hanisalimii," akasema. "Nikasema moyoni, ananichoka, nimekuja kwake sina nyumba. Halafu siku moja akageuka nikaona midomo yake inatembea. Midomo inatembea, sauti hakuna. Nikaangalia watoto, hivyohivyo. Hata ndege, mwanangu. Ndege wamenyamaza tangu masika."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme? Unamkumbuka shangazi yako alivyokuwa kiziwi? Watu walikuwa wanampigia kelele kama wanaswaga ng'ombe. Kikao kikikaa, yeye anapewa mtoto abebe. Mimi nimebaki na nini? Nyumba imekwenda. Shamba limekwenda. Nimebaki na watu kuniogopa kidogo. Wakisema nina maringo, bado mimi ni mtu."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Ndiyo dawa yangu. Mara ile nilimshika mbuzi shingo asisogee.

"Mkwe wako anaondoka Jumapili," nikasema mwisho.

Mkono ukasimama kwenye chuchu. Hiyo hakuwa anaijua. Nani angemwambia? Wanawake ndio walikuwa wanaizungumza, na sauti za wanawake yeye hazisikii.

Akanyanyuka, akanikabidhi kikombe. "Leta hiyo mashine yako. Na yeye mwite."

Tukakaa uani palepale, ila sasa mama mwenyewe alichukua kigoda akakigeuza. Akatupa mgongo, uso kwenye ukuta. Niliona aibu mpaka masikio yangu yakawaka moto. Mke wangu naye akasogea hatua moja, akasema, "Hapana, mama, usikae hivyo," na mama, bila shaka, hakugeuka.

"Nikisikia nitainua mkono," akauambia ukuta.

Mwalimu alikuwa na vipindi, kwa hiyo simu yake alituachia, akaishika mke wangu. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Mlio mnene, mia moja: mkono juu. Tukashusha mpaka ishirini: mkono juu. Hata kumi! Masikio ya mama kwa sauti nene ni ya paka. Mwembamba kidogo, ishirini: hakuna. Arobaini, hakuna. Sabini, mkono ukapanda kwa mashaka, kama mwanafunzi asiyejua jibu. Mwembamba wa mwisho tukaanza mia moja. Hakuna. Mia moja na hamsini. Kuku wakaondoka. Mia mbili. Mbwa akahamia tena kwa jirani. Nilihisi meno yangu yanalegea, naapa kuna jino halijakaa sawa mpaka leo. Mke wangu ameziba sikio moja kwa bega. Na mama amekaa ametulia, anaangalia ukuta, amejiwekea mikono magotini kama mtu anayesubiri ibada ianze.

Mke wangu akazima simu. Akaisogelea ile maiki yenye soksi, nyuma kabisa ya sikio la mama.

"Pima," akaniambia. Halafu: "Shikamoo mama."

Vidole vyangu vikakimbia. "Tisini na sita," nikasema.

Mkono wa mama haukutikisika.

"Sema wewe. Hiyohiyo tisini na sita."

Nikasema shikamoo, mara ya kwanza ikatoka mia na thelathini, ya pili ikakaa tisini na tano. "Marahaba," mama akasema ukutani, "lakini umeshanisalimia leo."

Mke wangu akaanza kulia. Si kwa sauti, machozi tu yanashuka juu ya simu ya mwalimu mpaka nikaogopa itapata maji. "Miezi yote," akasema. "Miezi yote mimi namnunia." Akajifuta kwa kanga. Akavuta pumzi, akakandamiza kidevu kifuani, na kutoka tumboni mwa yule mwanamke wa kwaya ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia, sauti ya dume la ng'ombe lililoamshwa:

"Shikamoo mama."

Mkono ukapanda. Halafu ukasimama hewani. Mama akageuka na kigoda chake, akatafuta yule mwanaume aliyeingia, hakumwona, akamwona mkwe wake bado amekandamiza kidevu.

"Marahaba," akasema. "Marahaba mwanangu. Hivi ndivyo sauti yako ilivyo?"

"Hapana mama. Hii ni ya kwako tu."

Jumapili wazee watatu walikuja. Hatukuahirisha kikao, na sijui kama mke wangu alitaka kiahirishwe, maana yale maneno ya wanawake wa jumuiya yalikuwa bado yanatembea kijijini, na kwenye maneno hayo kulikuwa na mkwe asiye na adabu. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nimevaa koti. Ubao wangu uko kwapani, namba nimeziandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, na nimefanya mazoezi ya kueleza habari ya maharage mpaka mbuzi wanaielewa.

Mzee mkubwa akakaa, akaweka fimbo kati ya magoti. "Tumeitwa. Nani ana neno?"

Mke wangu alikuwa na neno la miezi sita. Nilimwona analishika. Akamwangalia mama, akainamisha kichwa, akakaa kimya. Angelibeba. Hilo sikulitegemea. Nikafungua mdomo mimi, na mama akasimama.

"Neno ni langu," akasema. "Huyu ananisalimia kila siku ya Mungu. Mimi ndiye simsikii. Masikio yangu hayachukui sauti za wanawake, wala watoto. Nilijua tangu masika, nikaficha. Kosa si lake. Mkitoka hapa mkaliseme hivyo, na wale wa jumuiya mkawaambie."

Akakaa. Nimemwona mama yangu akitolewa kwenye matope akiwa na blanketi moja. Siku ile ya matope hakuonekana mdogo kama alivyoonekana sasa akikaa kwenye benchi.

Mzee mkubwa akamwinamia, akafungua kinywa chote. "POLE MAMA! UNANISIKIA?" Bati likatikisika. Mama akafumba macho.

Mke wangu akasimama. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba usimpigie kelele. Anasikia kuliko wewe. Sauti iwe nene tu, itoke kifuani, taratibu."

Sasa yule mzee Mungu alimpa ng'ombe wengi na sauti nyembamba. Akajikohoza. Akakandamiza kidevu. Akajaribu, ikatoka kama mlango wa ghala. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imesimama, macho mekundu.

"Mwacheni," mama akasema, "atapasuka."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akadondosha kofia. Mama akacheka pia. Halafu akapiga piga benchi upande wake wa kulia, "Njoo ukae hapa," na mke wangu akaenda akakaa. Wakala wali na kuku, wakaongelea bei ya ngano na barabara, na mama aliulizwa habari ya mpaka wa shamba fulani la zamani ambao ni yeye tu aliyebaki anaujua, akaueleza mti kwa mti.

Mimi ubao wangu hakuna aliyeuulizia. Hata namba moja. Nilijaribu kuanza ile ya maharage kwa mzee wa tatu, akaniuliza kama ninayo ya kuuza.

Walipoondoka nikaenda kusogea pale kwenye benchi, nikidhani sasa nitasifiwa. Mama na mke wangu walikuwa wameinamiana, wanaongea kwa kifua, wawili, kama madume mawili yaliyokutana kisimani. Mke wangu alikuwa anasema kesho atampeleka hospitali wamwangalie masikio, na mama anauliza ni nani atabaki na mbuzi. Halafu wote wawili wakageuka wakaniangalia.

Nikakumbuka nina kazi Mogitu.